SIMU ZA SARAFU ZAPATA MAKAO MAPYA MAJUMBANI

Wahenga walisema: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Tangu simu ya mkononi ilipoingia mifukoni mwetu, ni wachache wanaoikumbuka ile simu nzito ya chuma iliyokuwa ikitundikwa ukutani, kando ya njia au katika ukumbi wa posta, ikingoja sarafu ya mpita njia. Katika miji mingi ya dunia simu hizo zimekwisha kung'olewa. Nyingine zimeyeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Nyingine zimelala maghalani zikiliwa na kutu.

Hata hivyo wapo watu, hasa huko Marekani na Uingereza, ambao hawakuridhika kuziacha zipotee. Huzinunua simu hizo, huzibeba hadi nyumbani, huzifungua skrubu moja baada ya nyingine, huzisafisha na kuzirudishia sauti. Kazi ikiisha huzitundika ukumbini, jikoni au barazani, nazo hulia na kupokewa kama simu nyingine yoyote.

Leo, ndugu msomaji, tuitazame kazi hiyo: chombo hicho kilitoka wapi, kinafanya kazi namna gani, na mtu mwenye subira anawezaje kukifufua. Mwishowe tutajiuliza swali moja ambalo kila mwenye kuokoa kitu cha umma hana budi kulijibu: je, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wote, kikiisha kuingia nyumbani kwa mtu mmoja, kinabaki kuwa cha nani?

KILIZALIWA KWA HAJA YA WASIO NACHO

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876. Kwa miaka mingi baada ya hapo simu ilikuwa chombo cha matajiri, wafanyabiashara na maofisi. Asiyekuwa nayo alilazimika kwenda kuomba kwa mwenye nacho, na mwenye nacho alikuwa na hiari ya kukubali au kukataa.

Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, aliishi fundi aliyeitwa William Gray. Husimuliwa kwamba mkewe aliugua, na Gray alipokwenda kuomba simu ili amwite daktari, alikataliwa kabla ya kupata aliyemhurumia. Iwe masimulizi hayo yametiwa chumvi au hayakutiwa, lililo dhahiri ni kwamba mwaka 1889 Gray alipata hataza ya simu ya kulipiwa kwa sarafu, na mwaka huo huo simu ya kwanza ya aina hiyo ikawekwa katika benki moja mjini humo. Tangu siku hiyo asiyekuwa na simu hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Sarafu yake ilimtosha.

Huko Uingereza simu ya umma ilipata sura iliyojulikana dunia nzima: kile kibanda chekundu cha chuma cha kalibu. Mchoraji wake alikuwa Giles Gilbert Scott, msanifu wa majengo. Kibanda chake cha kwanza kilianza kuonekana London katika miaka ya 1920. Na kile kilichoenea kuliko vyote, kinachoitwa K6, alikichora mwaka 1935 kwa ajili ya jubilei ya Mfalme George wa Tano.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tulikuwa na simu za umma chini ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikaunda shirika lake. Hapa Tanzania shirika hilo liligawanywa kwa sheria ya mwaka 1993, na mwaka uliofuata simu za mkononi zikaanza kuingia nchini. Kadiri simu hizo zilivyozidi kuenea, ndivyo vibanda vya barabarani vilivyozidi kukosa watu.

SARAFU ILIYOPIGA UPATU

Anayefungua simu ya sarafu kwa mara ya kwanza hustaajabia jinsi mafundi wa zamani walivyotatua matatizo makubwa kwa vifaa vidogo. Tatizo la kwanza lilikuwa hili: opereta aliyeketi maili nyingi kutoka kwenye simu angejuaje kwamba mpigaji amelipa, tena amelipa kiasi gani?

Katika simu za Marekani zilizokuwa na matundu matatu, jibu lilikuwa ni sauti. Sarafu ya senti 5 ilipoteremka iligonga kengele mara moja. Sarafu ya senti 10 iliigonga kengele ile ile mara mbili. Sarafu ya senti 25 iligonga upatu wenye sauti nzito. Opereta alitega sikio, akahesabu milio, akaunganisha simu. Baadaye, katika miaka ya 1960, zikatoka simu zenye tundu moja tu la sarafu zote, na milio ya kengele ikaacha nafasi kwa milio ya umeme.

Tatizo la pili lilikuwa kurudisha fedha. Ikiwa mtu wa upande wa pili hakupokea, haki ilitaka mpigaji arudishiwe sarafu zake. Kwa hiyo sarafu hazikwenda moja kwa moja kasikini. Zilisubiri kwanza katika kikombe kidogo ndani ya simu. Kituo cha simu kilipeleka umeme wa volti 130 katika waya. Ukielekezwa upande mmoja, mlango mdogo ulifunguka na sarafu zikaanguka kasikini. Ukielekezwa upande wa pili, zilirudi katika tundu la chini, mikononi mwa mwenyewe.

Waingereza walitumia njia nyingine. Kuanzia mwaka 1925 simu zao zilikuwa na vitufe viwili, A na B. Mpigaji alitia peni zake, akapiga namba, akangoja. Akisikia sauti ya aliyempigia, alibonyeza A. Sarafu zikaenda, na hapo ndipo naye akaweza kusikika. Asipopokewa, alibonyeza B na peni zake zikarudi. Watoto wa mitaani walijifunza upesi kwamba wapo watu wazima wanaosahau kubonyeza B, na hapana kibanda walichopita bila kukijaribu.

Hayo ndiyo mambo ambayo mkusanyaji huyaokoa. Maandishi yaweza kueleza mlio wa upatu, lakini hayawezi kuupiga.

KAZI YA KUIFUFUA

Tuseme basi mtu amepata simu kuukuu. Aanzie wapi?

Kwanza, ahakikishe ameipata kwa halali. Simu ya umma ilikuwa mali ya shirika, na nyingine ziling'olewa usiku na wezi waliozitamani sarafu zilizomo. Mnunuzi mwaminifu hudai hati ya mauzo au barua ya shirika lililoiuza. Kununua mali ya wizi ni kosa, hata kama mali yenyewe imeshika kutu.

Pili, kuifungua. Kazi hii huwashinda wengi. Simu ya sarafu ilitengenezwa kama kasiki: bamba nene la chuma, na kufuli mbili, moja ya sehemu ya juu yenye mitambo na nyingine ya kisanduku cha fedha. Simu nyingi huuzwa bila funguo. Fundi stadi wa makufuli aweza kulifungua kufuli kwa kulitoboa kwa keekee, kisha akatia jingine. Anayetumia nyundo na patasi huharibu kwa dakika moja kitu kilichodumu miaka hamsini. Na asisahau uzito wake: simu ya Marekani yenye tundu moja hufikia kilo 20 hivi. Ukuta wa mbao nyembamba hauiwezi. Yataka ubao mnene uliofungwa imara katika tofali.

Tatu, kuisafisha. Kabla ya kuondoa kitu chochote, mwenye busara hupiga picha na kuandika rangi ya kila waya na mahali ulipofungwa. Mkonga na kifuniko chake huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, baada ya kutoa vipuri vya ndani. Vifundo vya kupitisha umeme husuguliwa kwa karatasi ngumu, wala si kwa msasa unaokwangua madini. Gurudumu la kuzungushia namba halitaki kumwagiwa mafuta. Tone moja dogo katika ekseli latosha, kwani mafuta yakizidi hunasa vumbi na kulifanya gurudumu lijivute.

Nne, sauti. Kinasa sauti cha simu za zamani kina chembe za kaboni ndani yake. Mtu asemapo, chembe hizo hubanwa na kuachiwa, na umeme hupungua na kuongezeka kufuatana na sauti. Miaka ikipita bila simu kutumika, chembe hushikamana na sauti ikawa hafifu. Mara nyingi kuligongagonga taratibu mezani kasha la kaboni hutosha kuzitawanya. Ikiwa hapana nafuu, hutiwa kasha jingine.

KUIUNGANISHA NYUMBANI

Simu ya mezani ya kawaida hutumia nyaya mbili tu. Ndani yake mna umeme wa volti 48 hivi. Ukiinua mkonga, umeme hupita na kituo kikajua kwamba wataka kupiga. Ukizungusha namba 5, gurudumu linaporudi huukata umeme mara tano. Ukizungusha sifuri, huukata mara kumi, kwa mwendo wa mikato kumi katika sekunde moja. Ndiyo lugha ya zamani ya simu, na uzuri wake ni kwamba hata mtoto aweza kuisikia na kuihesabu.

Simu za sarafu zilizoendeshwa na kituo, kama zile za makampuni ya Bell, huweza kuunganishwa katika waya wa nyumbani, nazo zikapokea na kupiga baada ya marekebisho machache. Baadhi hazina kengele ndani, kwa sababu kengele ilikuwa katika kisanduku cha pembeni, na kisanduku hicho hapana budi kitafutwe. Nyingine, za vitufe, hukataa kupiga mpaka nyaya mbili zibadilishane nafasi. Lakini simu za kisasa zaidi, zilizoanza kuenea Marekani baada ya mwaka 1984 watu binafsi waliporuhusiwa kuweka simu zao za kulipia, zina mitambo ya kufikiri iliyomo ndani yake. Bila kupangwa upya, hizo hudai fedha hata kwa mwenye nyumba.

Sarafu nazo? Waya wa nyumbani hauna ule umeme wa volti 130, kwa hiyo sarafu hubaki katika kikombe bila kwenda wala kurudi. Wapo mafundi waliotengeneza visanduku vinavyojifanya kuwa kituo cha simu, vikatoa amri ya kupokea au kurudisha. Wengine huamua kuuacha mlango mdogo wazi ili kila sarafu iangukie kasikini, na simu ikawa kibubu cha jamaa. Ikumbukwe tu kwamba mashine ilifundishwa sarafu za kwao. Hupima upana na uzito, na sumaku yake hukamata chuma. Sarafu yetu ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli. Hiyo haitafika mbali.

Siku hizi nyaya za shaba zinaondolewa katika nchi nyingi. Badala yake hutumika kisanduku kinachounganisha simu ya mezani na intaneti, au kingine kinachotiwa kadi ya simu ya mkononi na kuwa na tundu la simu ya mezani. Baadhi ya visanduku hivyo haviielewi lugha ya gurudumu, na huhitaji kifaa kidogo cha kuitafsiri kuwa milio ya vitufe. Msomaji wa hapa kwetu atakayenunua kisanduku cha aina hiyo ahakikishe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

TAHADHARI KWA WENYE WATOTO

Kazi hii si mchezo wa kuachiwa watoto peke yao. Simu inapolia, umeme wa waya hupanda hadi volti 90 hivi, nao humshtua mtu vibaya. Hivyo waya uchomolewe kabla ya kufungua kifuniko. Rangi za zamani, hasa za vibanda, aghalabu zina madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Zisikwanguliwe zikiwa kavu, wala vumbi lake lisifagiliwe ndani ya nyumba. Alehemuye afungue madirisha, na anawe mikono kabla ya kula.

Watoto waliofikia umri wa kushika bisibisi wapewe kazi zao: kuhesabu mikato ya gurudumu, kuchora njia ya sarafu, kupanga skrubu katika vikopo. Mtoto aliyezoea kioo cha simu ya mkononi, ambacho hakimwonyeshi lolote la ndani, hapa ataona kwa macho yake jinsi sarafu inavyobingirika, kengele inavyogongwa na mlango unavyofunguka.

KILICHOOKOLEWA NI CHA NANI?

Sasa turudi katika swali letu. Katikati ya miaka ya 1990 Marekani ilikuwa na simu za umma zipatazo milioni 2.6. Kufikia mwaka 2018 zilikuwa zimebaki kama laki moja. Tarehe 23 Mei 2022 jiji la New York liliing'oa simu yake ya mwisho ya barabarani, katika njia panda ya Barabara ya Saba na Mtaa wa 50, na ikapelekwa katika makumbusho ya jiji. Ni haki kuiweka makumbusho. Lakini simu ya makumbusho hailii.

Nchini Uingereza kampuni ya simu ilianza mwaka 2008 kuviuza vibanda vyekundu kwa jamii za vijiji na mitaa kwa bei ya pauni moja. Maelfu vimechukuliwa. Vingine ni maktaba ndogo, vingine vimewekwa mashine ya kuushtua moyo uliosimama. Kibanda kilichokuwa cha watu wote kimebaki kuwa cha watu wote, ingawa kazi yake imebadilika.

Katika mji wa Otsuchi nchini Japani, bwana Itaru Sasaki aliweka bustanini mwake, mwaka 2010, kibanda cha simu chenye simu isiyounganishwa na waya wowote. Alikuwa amefiwa na binamu yake, naye alitaka mahali pa kusema naye. Machi 2011 mawimbi ya tsunami yaliua zaidi ya watu elfu moja katika mji huo. Sasaki akaifungua bustani yake, na tangu hapo watu wengi wamekwenda pale kuinua mkonga na kusema na wapenzi wao waliotangulia. Kitu cha nyumbani kwake kikawa kitu cha wafiwa wote.

Tena wapo waliozirudisha simu barabarani. Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, kikundi kiitwacho Futel kimekuwa, tangu mwaka 2014, kikiziweka simu za umma zilizokarabatiwa, na mpigaji halipi chochote. Katika jimbo la Vermont, penye milima isiyofikiwa vizuri na mitambo ya simu za mkononi, mhandisi mmoja wa umeme alianza mwaka 2024 kuweka simu za namna hiyo, zikipitia intaneti, zikiwa bure kwa kila mtu. Mwanafunzi aliyechelewa gari, msafiri aliyeishiwa chaji, mzee aliyeanguka njiani: wote hao wana haja ile ile inayosimuliwa kumsumbua William Gray.

Jibu la swali letu limo humo. Mwenye kuikarabati simu ya sarafu ana haki ya kuiita yake, maana ameinunua kwa fedha yake na kuitolea jasho. Lakini haijafufuka kamili mpaka iseme, na haisemi vizuri mpaka iwafae na wengine. Ikitundikwa ili wageni waisifu tu, imehama kaburi moja na kuingia jingine.

Huenda wewe, ndugu msomaji, usipate kamwe simu ya sarafu ya kuikarabati. Lakini katika nyumba nyingi za mijini imo simu ya mezani iliyosahauliwa kabatini, redio iliyonyamaza au cherehani ya bibi isiyozunguka tena. Kanuni ni zile zile: pata kwa halali, fungua kwa subira, andika kila waya, mshirikishe mtoto. Na siku chombo kitakapopata uhai, kiweke barazani ambapo jirani anaweza kukifikia, sio chumbani chini ya kufuli. Kama ni simu, itundike kwa kimo ambacho mtoto ataifikia na bibi hatalazimika kuinama, na ubandike kando yake, kwa herufi kubwa, namba ya zimamoto, ya polisi na ya zahanati ya karibu.